Wamekubali, Lakini kwa Neno Lipi?

Kukubali ni kitenzi cha Kiswahili kinachobeba mizigo mingi bila kunung'unika. Mtoto anakubali kosa, binti anakubali posa, mteja anakubali bei, bodi inakubali bajeti, mshtakiwa anakubali shtaka, mgonjwa anakubali kupasuliwa. Neno ni lile lile na hakuna anayepotea njia, maana mazungumzo yenyewe yanaonyesha ni kukubali kwa namna gani. Taabu huanza pale mtu huyo huyo anapoketi kumwandikia muuzaji wa Guangzhou au mfadhili wa Stockholm. Anatafuta kitenzi kimoja cha Kiingereza cha kubeba mizigo yote hiyo, na hakipo. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi vingi, kila kimoja na wenzake wa kutembea nao, na anayewachanganya hueleweka nusu. Katika biashara, kueleweka nusu ni hatari kuliko kutoeleweka kabisa.

Kosa lililoenea kuliko yote ni hili: “He accepted to come.” Utalisikia katika ofisi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na magazetini limo pia. Aliyelisema amefikiri “amekubali kuja”, akachukua neno la kwanza lililomjia. “Accept” kazi yake ni kupokea kitu unachopewa: “accept an offer”, “accept an invitation”, “accept an apology”. Likitajwa tendo ambalo mtu ameridhia kulifanya, kitenzi ni “agree”: “She agreed to come”, “They agreed to pay by Friday”. Kipimo ninachowapa watu ni chepesi. Kama baada ya “kukubali” unataka kuweka kitenzi kingine, andika “agree to”. Kama unataka kutaja kitu ulichonyooshewa mkono ukipokee, “accept” itafaa.

Kukubali kosa ni habari nyingine. Hapo Kiingereza kinataka “admit”: “He admitted the mistake”, “She admitted taking the money”. Ukiandika kwamba karani “accepted that he took the money”, msomaji anaweza kudhani karani alibishana kwanza, akaonyeshwa ushahidi, akashawishika kwamba kumbe alichukua. Mahakamani mshtakiwa “pleads guilty”. Bodi “approves” bajeti, haiikubali kwa “agree”. Mgonjwa “consents to” upasuaji, na anapotia saini fomu ile wanayomletea wauguzi anakuwa “has given consent”. Asipotaka, “withholds consent”.

Kukataa nako kuna mgawanyo wake. Tunasema amekataa kwenda na amekataa kwamba aliiba, kwa kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza wa kwanza “refused to go”, wa pili “denied stealing”. Anayeandika “he refused that he stole” ameandika sentensi isiyokuwepo katika lugha hiyo. Pendekezo la zabuni “is rejected”. Mwaliko wa chakula cha jioni wa balozi, ambao hutaki kumuudhi aliyeutoa, “is declined”, na neno hilo peke yake limeshabeba adabu.

Hayo ya maneno kutembea na wenzao si mageni kwetu. Sisi hula kiapo na hula njama. Tunapiga kura, tunatia saini, tunafunga ndoa, tunavunja ahadi. Mgeni akisema “nimefanya kiapo” tunamwelewa, lakini tunajua bado hajakaa nasi sana. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth, aliyekuwa profesa katika chuo cha SOAS, London, kuanzia mwaka 1944, ndiye aliyeipa tabia hii uzito katika taaluma: sehemu ya maana ya neno, kwa maoni yake, hujulikana kwa kutazama maneno linayoketi nayo. Leo zipo kamusi zilizotungwa kwa ajili ya jambo hilo tu. Oxford Collocations Dictionary ilitoka mara ya kwanza mwaka 2002, na kwa mtu anayeandika barua za kazi kwa Kiingereza ina faida kuliko kamusi ya kawaida. Kamusi ya kawaida itakuambia “agreement” ni makubaliano, jambo ulilokwisha kulijua. Hiyo nyingine itakuambia makubaliano hufanywaje, hulindwaje na huvunjwaje.

Ila ushauri wangu ni kwamba usijifunze maneno haya kwa mpangilio wa alfabeti, hata kama kamusi imeyapanga hivyo. Yapange kwa umri wa makubaliano yenyewe. Kwetu kila mtu anajua kuwa barua ya posa si mahari, na mahari si ndoa. Aliyejibiwa barua yake hawezi kesho yake kuhamia ukweni na sanduku. Kiingereza cha makubaliano kina ngazi za namna hiyo hiyo, na kitenzi ndicho kinachokuambia mmefika ngazi ipi.

Mwanzoni kabisa watu “hold talks” au “enter into negotiations”. Hapo hakuna kilichoafikiwa, hata kama picha zimepigwa na mikono imeshikwa. Anayewaleta pamoja mahasimu na kuwahangaikia mpaka waelewane “brokers” makubaliano. Mfano ambao Mkenya yeyote mtu mzima anaukumbuka ni wa tarehe 28 Februari 2008, pale Mwai Kibaki na Raila Odinga walipotia saini mapatano ya kugawana madaraka baada ya wiki nyingi za ghasia. Kofi Annan “brokered the agreement”. Hao wawili ndio “signed it”. Ukiandika kwamba Annan “made an agreement with Kibaki” umemgeuza msuluhishi kuwa upande wa mgogoro.

Katika ngazi hiyo hiyo kuna kitenzi cha mtego, “table”. Kwa Waingereza, na kwa mabunge yetu yaliyorithi taratibu zao, “to table a proposal” ni kulileta pendekezo mezani lijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuliweka kando lisijadiliwe kwa sasa. Neno moja, maana mbili zinazopingana. Kama mkutano wako una watu wa pande zote mbili za Atlantiki, liache. Sema “put forward a proposal” ukitaka lijadiliwe, au “postpone” ukitaka lisubiri.

Mazungumzo yakizaa matunda, pande mbili “reach an agreement”, “come to an agreement” au, kwa lugha nzito kidogo, “arrive at an agreement”. Magazeti hupenda “strike a deal” kwa kuwa ni fupi na ina kishindo. Wauzaji hupenda “close the deal”, wakimaanisha kwamba mteja amenasa. Mimi katika barua rasmi ningebaki na “reach”. Haimchoshi mtu na haina majivuno. “Make an agreement” si kosa, ingawa mara nyingi husikika kama Kiingereza cha darasani. “Do an agreement” ni kosa.

Sasa tufike mahali ambapo fedha za watu hupotea: “agree in principle”. Ukitafsiri neno kwa neno unapata “kukubali kimsingi”, na msomaji wetu akiona “kimsingi” husikia msingi wa nyumba, kitu kigumu cha kusimamia. Kwa Kiingereza cha biashara ni kinyume chake. Anayekuambia “we agree in principle” anasema wazo lako halijamchukiza, basi. Bado bei, bado muda, bado wakili wake, bado bosi wake. Usiagize kontena kwa sababu ya sentensi hiyo.

Ndugu yake ni “subject to”. Sentensi inaanza vizuri, “We are happy to accept your quotation”, kisha mwishoni inafuata “subject to board approval”. Maneno hayo ya mwisho yamekula yote yaliyotangulia. Bodi ikikataa, hakuna aliyekukosea. Mara nyingi nimeona watu wakisoma barua kama hizo kwa furaha hadi kwenye mkato, wakaishia hapo. Barua ya namna hiyo isome kutoka mwisho kuja mwanzo.

Waswahili wanaoishi England wanalijua hili kupitia nyumba. Unatoa bei, wakala anakupigia simu na kusema “Your offer has been accepted”. Mbele ya nyumba linasimikwa bango: “Sold STC”. Jamaa wanaanza kukupongeza. Herufi zile tatu ni kifupi cha “subject to contract”, na maana yake ni kwamba hakuna aliyefungwa bado. Muuzaji anaweza kesho kumpokea mwingine aliyetoa zaidi, jambo ambalo Waingereza wamelipa jina lake la dharau, “gazumping”. Na wewe pia unaweza kughairi, ingawa fedha ulizowalipa mawakili na wapimaji hazirudi. Kinachofunga ni siku ambayo mawakili wa pande mbili “exchange contracts”. Kabla ya siku hiyo kuna maneno tu, hata yawe yameandikwa kwa barua yenye nembo. Baada yake, ukijitoa unapoteza amana yako, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei. Funguo unapewa baadaye zaidi, siku ya “completion”. Scotland wana utaratibu wao, kwa hiyo ushauri wa binamu aliyenunua nyumba Glasgow usiupeleke Leicester.

Sheria ya England imeshikilia msimamo huo hata kwa wafanyabiashara wakubwa. Mwaka 1992, katika kesi ya Walford dhidi ya Miles iliyohusu uuzaji wa biashara ya kusafisha picha, Baraza la Malordi liliamua kwamba ahadi ya kuendelea kujadiliana kwa nia njema haimfungi mtu. Mtu akikuandikia “we agree to negotiate in good faith”, umepata sentensi ya heshima tu. Na kwa kuwa mikataba mingi ya kimataifa inayoletwa Afrika Mashariki huchagua sheria ya England iwe ndiyo mwamuzi, jambo hilo lina uzito hata kwa mtu asiyewahi kufika London.

Ngazi inayofuata ni saini. “Sign an agreement” haina fumbo. “Enter into an agreement” ndiyo lugha ya mawakili kwa jambo hilo hilo, na “conclude an agreement” haimaanishi kuumaliza mkataba kama unavyoweza kudhani. Ni kuukamilisha na kuufunga, ili uanze kazi. Mtu akisoma kwamba nchi mbili “concluded a trade agreement” akaandika kwa Kiswahili kuwa “zimesitisha mkataba wa biashara”, ameigeuza habari kichwa chini miguu juu.

Hata hivyo saini si mwisho wa safari, na hapa mfano mzuri uko kwetu. Mkataba wa ushirikiano wa nchi za Bonde la Mto Nile ulifunguliwa kwa kutiwa saini Entebbe tarehe 14 Mei 2010. Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zilisaini siku hiyo hiyo, na Kenya ikafuata siku chache baadaye. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Miaka 14 yote hiyo ulikuwa umesainiwa lakini haujaanza kazi, kwa sababu ulihitaji kuridhiwa na nchi sita, na ya sita, Sudan Kusini, iliridhia mwaka huo wa 2024. Anayetaka kusimulia habari hiyo kwa Kiingereza anahitaji vitenzi vinne visivyoweza kubadilishana: mkataba “was opened for signature”, nchi “signed it”, mabunge au serikali “ratified it”, na hatimaye “it entered into force”. Misri na Sudan hazikusaini, kwa hiyo “are not party to the agreement”. Mwandishi aliyeandika mwaka 2010 kwamba nchi zilizosaini “agreed” alikuwa sahihi, lakini hakumsaidia msomaji wake hata kidogo.

Nchi inayoingia katika mkataba ulioanzishwa na wengine haisemwi kwamba “joined the agreement” tu. Lugha ya kidiplomasia ni “accede to”: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo “acceded to” mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Katika mikataba ya kawaida, ya pango au ya bima, ngazi hizi hufupishwa na kuwa tarehe mbili. Tarehe ya saini ni moja, na “effective date” ni nyingine. Bima iliyosainiwa Jumatatu inaweza “take effect” Jumatano. Gari likigongwa Jumanne, utajifunza Kiingereza kwa uchungu.

Kuna pia kusaini huku mtu akishika moyo. Mkataba wa amani wa Burundi ulipotiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, mbele ya Nelson Mandela aliyeshika usuluhishi baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere, baadhi ya vyama vilisaini “with reservations”. Vilitia saini, lakini vikaweka wazi kwamba yapo mambo ambayo havijaridhika nayo. Makundi ya wapiganaji hayakuwemo kabisa, na vita viliendelea. Msemo huo wa “with reservations” ni wa manufaa hata kwa kikao cha kamati ya shule. Ukisema “I agree, with some reservations” umeunga mkono hoja bila kujifunga nayo shingoni, na mwenye kikao ana wajibu wa kukuuliza ni yapi hayo.

Makubaliano yakishaanza kazi, kitenzi hubadilika tena. Anayetimiza wajibu wake “honours the agreement”, “abides by it”, “complies with it” au, kwa lugha ya kila siku, “sticks to it”. Angalia vihusishi: ni “abide by” na “comply with”, na hakuna jinsi ya kuvikisia. Shika viwili viwili. Ukimsifu mshirika wako, “honour” ndilo neno la kumpa: “You have always honoured our agreement”. Ukitaka kumkumbusha kwamba wewe umefanya yako na yeye bado, kuna msemo mzuri usio na ugomvi: “We have kept our side of the bargain.” Mwingereza atakapousoma atajua kinachofuata ni malalamiko, lakini hatakuwa na neno la kukushika nalo.

Kuvunja kuna vitenzi vingi kuliko kutimiza, na nadhani ni hivyo katika kila lugha ya watu wanaofanya biashara. “Break an agreement” ni ya kawaida. “Breach” ni ya kisheria, na kwa sababu hiyo usiitumie ovyo. Ukimwandikia mtu “You are in breach of contract”, wakili wake ataifungulia barua hiyo faili. Kusitisha vita kukivunjwa, magazeti huandika “violate a ceasefire”. Aliyeahidi kisha akageuka “went back on his word”, na kama ni serikali au kampuni, waandishi husema “reneged on the deal”. Aliyejitoa kabla ya kusaini hajavunja kitu. Huyo “backed out” tu, na kumwita mvunja mkataba ni kumwonea.

“Terminate” hudhaniwa kuwa sawa na kuvunja. Sivyo. Mkataba unaweza “be terminated” kwa njia halali kabisa, kwa notisi ya miezi mitatu kama ilivyoandikwa ndani yake, na kila mtu akaenda zake kwa amani. Unaweza pia “expire”, yaani muda wake kwisha wenyewe. Dola ikijitoa katika mkataba wa kimataifa “withdraws from it”: Marekani ilijitoa katika Mkataba wa Paris wa tabianchi mwaka 2020 na kurudi mwaka 2021. Na likija neno “denounce” katika sentensi ya mikataba, halina maana ya kuulaani. Ni kutangaza rasmi kwamba mkataba huo haukufungi tena.

Mtawala aliyefanya hivyo kwa sababu ambayo kila anayesaini karatasi za lugha mbili angepaswa kuijua ni Menelik wa Ethiopia. Mkataba wa Wuchale wa mwaka 1889 kati yake na Italia uliandikwa kwa Kiamhari na Kiitaliano. Kifungu cha 17 cha Kiamhari kilimwezesha Menelik kuitumia Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Cha Kiitaliano kilimlazimisha. Aliukana mkataba huo, na ubishi ukamalizikia vitani Adwa, tarehe 1 Machi 1896, ambako Italia ilishindwa. Katika mikataba ya Kiingereza tofauti hiyo hukaa ndani ya maneno mawili madogo: “may” inampa mtu hiari, “shall” inamfunga. Yatafute kwa kalamu nyekundu kabla ya kusoma kingine chochote. Na kama mkataba umekuja na tafsiri ya Kiswahili, tafuta kifungu chenye neno “prevail”. Mara nyingi kitasema nakala ya Kiingereza “shall prevail”, yaani zikitofautiana hiyo ndiyo itakayoshika. Basi ile ya Kiswahili uliyoisoma kwa raha zako ni ya kukusaidia kuelewa tu.

Makubaliano yana sifa zake pia, na chache zinatosha. “Binding” au “legally binding” ni yanayofunga, na “non-binding” hayafungi. Hati za makubaliano ya awali zinazosainiwa kwa mbwembwe hotelini mara nyingi ziko katika kundi la pili, na hufichua hali hiyo katika aya moja fupi karibu na mwisho. “Tentative agreement” ni ya muda, bado yanatazamwa. “Gentleman's agreement” yanategemea heshima ya waliokubaliana. “Verbal agreement” kwa watu wa kawaida ni ya mdomo. Mwanasheria makini atasema “oral”, kwa kuwa “verbal” kwake ni ya maneno, na hata yaliyoandikwa ni maneno. Ya mdomo yanaweza kuwa na nguvu kisheria katika mambo mengi, lakini si katika ardhi: sheria za Kenya na za Tanzania zote zinataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi ndipo mahakama iyasimamie.

Vihusishi vya “agree” vyenyewe ni vitatu vya kushika. Unakubaliana na mtu, “agree with”. Mnaafikiana juu ya jambo mliloliamua pamoja, “agree on”. Unaridhia pendekezo la mwenzako, “agree to”. “They agreed to our price” maana yake watalipa. “They agreed with our price” inasikika kama wametoa maoni kwamba bei inapendeza, na fedha hujaiona. Waingereza huangusha kihusishi katika biashara, “agree a price”, “agree terms”, na Mmarekani akisoma huhisi kuna neno limedondoka. Ukiandika kwa wote, “agree on” haimkwazi yeyote. Na mtu akikuambia “Beans don't agree with me”, usitafute mgogoro. Maharage yanamsumbua tumbo.

Mazungumzo ya ana kwa ana yana mitego yake, na mkubwa ni “I couldn't agree more”. Sikio letu linashika “couldn't agree” na kusikia kukataa. Aliyesema amekuunga mkono kwa asilimia mia: hana nafasi iliyobaki ya kukubali zaidi. Upande wa pili, Mwingereza akianza na “with respect”, au “with the greatest respect” ambayo ni kali zaidi, jiandae kupingwa. “I hear what you're saying” pia haina ridhaa ndani yake. “I take your point” imekupa nusu, na nusu nyingine itakuja baada ya “but”. “Up to a point” ni karibu na hapana. “Fair enough” ni “ndiyo” ya kweli, japo ya mtu asiye na shauku. “Let's agree to disagree” ni kuufunga mjadala kwa amani bila yeyote kushinda, na ni msemo ambao si vizuri mdogo kumwambia mkubwa wake kazini. Kwa Kiingereza hicho hicho unaonekana kama kumfungia mlango usoni.

Chukua pia tahadhari na “compromise”. “Reach a compromise” ni jambo la heshima, kila upande umelegeza kidogo. Lakini neno hilo likiwa kitenzi na kupata kitu mbele yake hubadilika sura: “compromise safety” ni kuuhatarisha usalama, na “your account has been compromised” ni habari kwamba mtu ameingia katika akaunti yako bila ruhusa. Ukitaka kusema uko tayari kulegeza, “We are willing to meet you halfway” ni salama na ina ukarimu.

Namna ya kuyashika yote haya ni kuacha kuandika maneno mojamoja kwenye daftari. Andika sentensi nzima uliyoikuta kwenye barua halisi au habari ya biashara gazetini, na pembeni uweke ngazi yake: wanaongea, wameafikiana, wamesaini, yameanza kazi, yamevunjwa. Baada ya kurasa chache utaona vitenzi vilevile vikirudi kwenye ngazi zilezile, na utaanza kusikia sikioni pale kimoja kinapokaa mahali si pake.

Na kuna neno moja la mwisho la kulichunga, dogo na linalotumwa kila siku: “Noted”. Umeandika masharti yako, bei, tarehe ya malipo, nani alipe ushuru wa forodha, na mshirika wako amejibu “Noted with thanks”. Hilo ni jibu la kwamba barua imefika na imesomwa. Hajakubali hata sharti moja, na siku ya ugomvi atakuwa na haki ya kusema hivyo. Mjibu siku ile ile kwa upole: “Thank you. Could you please confirm that you accept these terms?” Ukitumia “confirm” na “accept” pamoja, huwa umemwachia nafasi ya ndiyo au hapana. Akijibu “Noted” tena, mpigie simu.